Chumba cha Mpishi na Mumewe

Aibu ina tabia mbaya: hupenda kumkuta mtu mikono imejaa. Warda alikuwa amebeba sinia la karaki, ile chai ya maziwa na iliki, na kisahani cha tende wakati Pamela alipokitaja kile chumba. Angekuwa mikono mitupu angejifunika mtandio usoni akakimbilia jikoni. Lakini sinia ni sinia, huwezi kulibwaga juu ya zulia la watu, basi ikambidi asimame pale pale katikati ya sebule ya Mama Hissa, masikio yanamwaka moto na vikombe vinagongana.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana watu wa mtaa wa Najma walilieleza hili kwa namna yao na wakatia chumvi mpaka likawa halilambiki.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 2014, Doha imeingia baridi yake ile ya sweta asubuhi na jasho adhuhuri. Mama Hissa, mwenye nyumba, alikuwa amekata shauri kuwa likizo ya Januari familia nzima ikaone theluji. Si ya kutazama kwenye televisheni. Alitaka mji wa milimani huko Uswisi, watoto wajifunze kuteleza na mbao miguuni, naye akae ndani ya nyumba ya mbao yenye meko ya kuni. Nyumba yenyewe akiiita shale, kama wanavyoziita zile nyumba za ufukweni wanazokodi mwisho wa wiki. Na shale hii ilikuwa inakodishwa pamoja na watu wake: mpishi, mfanya usafi, na mtu wa kuwasha moto. Mgeni kazi yake ni kula, kuteleza na kulala.

Aliyekuwa akiipanga safari ni Pamela, Mkenya wa Kakamega, mwanamke mcheshi wa kampuni moja ya safari. Mama Hissa hakuwa mtu wa kwenda maofisini. Ofisi ndiyo iliyomfuata. Kwa hiyo siku ile Pamela alikuja nyumbani na tableti yake mkobani, na aliyemfuata kwa gari na kumleta ni Khalfan, dereva wa nyumba.

Hapo kwenye jina la Khalfan tusimame kidogo. Mpemba wa Wete, mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kuficha mdomo kwa kiganja. Kila asubuhi aliosha gari chini ya dirisha la jikoni, na kila asubuhi kwenye dirisha lile kulikuwa na kikombe cha chai kimefunikwa. Hakuna aliyekiagiza. Warda alikiweka, Khalfan alikinywa, akakirudisha kimeoshwa. Mapenzi yao kwa muda wote ule yalikuwa hayo: kikombe, jicho, "umeamkaje", na mara moja moja kisa cha kuchekesha dirishani. Hawajapata kushikana hata mkono, nami nalisema hili waziwazi kwa sababu baadaye walizushiwa mengi.

Tena hakuwa mwanamume wa kuvizia. Baada ya Idi alituma mshenga kwa Abdallah, kaka yake Warda, askari wa ulinzi wa hoteli aliyekuwa akiishi chumba cha kupanga Najma. Tangu baba yao kufariki, Abdallah ndiye walii wa Warda. Akaikataa posa. Alisema dereva na mpishi wa nyumba moja wakioana, watu watasema walianza kabla. Wangoje mpaka Warda apate kazi kwingine. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Nyingine ilibaki kifuani kwake.

Basi siku ile Pamela alikaa kwenye kochi kati ya Mama Hissa na mkwewe, Bibi Moza, kikongwe mkali wa kiti cha magurudumu ambaye ndiye hasa aliyekuwa akitawala nyumba. Akaonyesha picha za mlima, za vyumba, za meza ndefu iliyoandaliwa. Akasoma vyakula vya yule mpishi wa Kizungu. Alipofika kwenye jibini inayoyeyushwa chunguni na kuchovewa mkate, Bibi Moza akauliza inayeyushwa na nini. Pamela akasita. Inayeyushwa na mvinyo. Bibi Moza akasema yeye hapandi ndege kwenda kuchovya mkate kwenye pombe, na kama hakuna wali wa machbusi na harisi huko mlimani, basi atabaki Doha na theluji ije yenyewe kumtazama.

Hapo ndipo ilipoamuliwa kuwa Warda naye aende. Mpishi wa shale atapika staftahi na keki za jioni, Warda atashika chakula kikuu, na nyama ya halali Pamela ataiagiza kutoka mji wa bondeni. Na kwa kuwa Bibi Moza hakubali kusukumwa na mtu mgeni, Khalfan naye aende kushika kiti chake. Warda aliyasikia haya akiwa jikoni, moyo ukamruka kwa furaha. Alipakua tende, akazimwaga, akazipakua tena. Theluji, na Khalfan, mahali pamoja! Alichukua sinia, akaingia sebuleni huku akijizuia kutabasamu.

"Na huku chini kuna vyumba viwili vya wafanyakazi," Pamela alikuwa akimwambia Mama Hissa. "Hiki kiko karibu na pale wageni wanapovulia viatu vya kutelezea, ni kidogo na hakina dirisha. Lakini hiki kingine ni kizuri, kina dirisha la kutazama mlima. Hiki nimewashikia mpishi wako na mumewe."

Mama Hissa aliinua macho. "Mume gani?"

Pamela akageuka kumtazama Khalfan aliyesimama mlangoni akingoja kumrudisha ofisini. "Si Khalfan huyu? Ameniambia tukiwa kwa gari."

Jamani. Vikombe vile viligongana mpaka chai ikamwagikia sinia. Warda alihisi kila jicho la sebule ile limemvua nguo moja. Mama Hissa alimtazama yeye, akamtazama Khalfan, akamtazama yeye tena, na hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyekukabidhi nyumba yake na watoto wake, halafu akagundua kuwa hakujui.

Khalfan alisogea hatua moja mbele. Kwa Kiarabu chake cha barabarani akasema Warda si mkewe wa ndoa, ila ni mchumba wake, amekwisha kumposa kwa kaka yake. Ulikuwa ukweli uliokatwa mkia, maana hakusema kuwa posa ilikataliwa. Mdomo ukishaponza kichwa mara ya kwanza, mara ya pili huona njia.

Bibi Moza aligonga fimbo yake sakafuni. Akatoa hukumu kwa sauti ya chini, polepole, ili asirudie. Yeye hajui mambo ya mchumba jikoni na mchumba garini. Huyo kaka aje leo leo. Kama ni posa ya kweli, ndoa ifungwe kabla ya safari, na chumba cha dirisha wapewe kwa halali yao. Kama si kweli, wote wawili watapanda ndege, ila haitakwenda mlimani, itawarudisha kwao. Halafu akamwambia Khalfan amlete huyo kaka, na akamwambia Warda aiweke chai mezani kabla haijamwagika yote.

Warda aliiweka. Alitoka akitembea taratibu, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaoswali.

Jikoni alisimama mbele ya sufuria, akashika mwiko, akakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Funguo za gari zilikuwa zikitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa hiyo alijua Khalfan atapita. Alipita. Alisimama hapo na funguo mkononi, haendi wala harudi.

"Umenifedhehesha," Warda alisema bila kugeuka. "Kwa mwanamke nisiyemjua, Khalfan, halafu kwa matajiri zangu. Kaka yangu alikataa kwa kuogopa maneno haya haya, nawe umeyatamka kwa kinywa chako mwenyewe."

"Nisamehe."

"Ulimwambiaje yule dada?"

Khalfan akaeleza. Walikuwa wamekwama kwenye foleni ya barabara ya Kornishi, Pamela akipiga soga za vyumba. Akasema familia nyingi mwishowe huchukua na wafanyakazi wao, na huko kuna chumba kizuri cha mke na mume, na kingine kibaya, cha mtu mmoja, kwa hiyo alitaka ajue mapema wafanyakazi wa nyumba ni akina nani. Akamuuliza mpishi wao ni mwanamume au mwanamke.

"Nikasema mpishi ni mke wangu. Sikupanga, Warda, wallahi. Kwanza nilikuwazia wewe kwenye kile chumba kisicho na dirisha, roho ikaniuma. Halafu..." Aliinama, akazigeuza funguo. "Nilitaka nilisikie neno lenyewe. Mara moja tu. Nisikie linavyokuwa likitoka kinywani mwangu."

Mwiko ulisimama. Hasira ya Warda ilikuwa bado ipo, lakini kiliingia kitu kingine chini yake kikaibeba. Hakupenda kuuliza, akajikuta ameshauliza.

"Likawaje?"

"Tamu," alisema Khalfan, akaficha mdomo kwa kiganja.

Warda aligeuka. Wakatazamana, na mchuzi ukaachwa uchemke peke yake. Mwanamume huyu alikuwa amemtia kwenye aibu ambayo hajui atatokaje, na bado alitamani kumfuta lile jasho la kipaji kwa ncha ya mtandio wake. Mapenzi hayana adabu.

"Tena huenda ikawa heri," Khalfan akaendelea, uso umeanza kuchangamka. "Leo kaka yako hana pa kukwepea. Na mama nimeshampigia simu juzi. Nimemwambia nimepata mwari, mtoto wa watu, hajui mwanamume. Mie wa kwanza kwake, yeye wa kwanza kwangu. Kafurahi mpaka kalia. Unamjua mama yangu."

Warda alimjua, ingawa hajapata kumwona. Siku moja, akirudisha kikombe dirishani, Khalfan alimsimulia jinsi mama yake alivyokataa msichana wa Mkoani aliyeletewa, kwa kuwa alikwisha kuachika. Alisema mwanawe hajaoa, hawezi kuanza na sahani aliyoinukia mwingine. Khalfan alilisema kwa kuigiza sauti ya mama yake. Na Warda, Mungu amsamehe, alicheka naye.

Alicheka, kwa sababu asingecheka angelia. Hapo ndipo ilipokuwa ile sababu ya pili ya Abdallah. Warda aliwahi kuolewa. Aliozwa Tanga akiwa kigoli, kwa muuza vipuri mmoja wa barabara ya kumi na mbili, na mwaka haujaisha mwanamume yule akamrudisha. Hakusema sababu, wala hakuja mwenyewe. Alilipakia sanduku lake juu ya mkokoteni mchana wa Ijumaa, watu wanatoka msikitini, na mkokoteni ukasukumwa mtaa mzima wa Ngamiani, khanga zake zimechomoza kwenye kifuniko. Warda alitembea nyuma yake. Mama yake alifunga madirisha, na muda mrefu hakuyafungua. Abdallah ndiye aliyemtoa pale akamtafutia kazi Doha, na kwenye uwanja wa ndege, kabla hajamkabidhi kwa matajiri, alimwambia: hapa hakuna anayetujua, wewe ni mwari tena.

"Khalfan," alisema sasa.

"Naam."

Neno lilikuwa limeshafika mlangoni mwa mdomo. Aliuona ule uso, ule uchangamfu wake, ile imani yake yote aliyomwekea yeye. Akaona haya. Sauti ya Mama Hissa ikaita kutoka sebuleni kuuliza kama dereva ameshaondoka, na Khalfan akachomoka na funguo zake, akamwacha Warda na mdomo wazi mbele ya sufuria.

Abdallah alifika baada ya swala ya alasiri, bado na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi. Aliomba kwanza azungumze na dada yake, na wakasimama nyuma ya jikoni, kando ya mapipa ya taka. Hakumgombeza. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa yakikwepa.

"Nitakubali," alisema. "Sina njia. Nikikataa mnarudishwa wote, na Tanga watasema umerudishwa mara ya pili. Unaielewa hiyo?"

"Naielewa, kaka."

"Basi sikiliza. Wakikuuliza kama unamtaka, inama, nyamaza. Kimya cha mwari ndiyo jibu lake, hata hao Waarabu wanajua. Usifungue mdomo. Leo inapita, ndoa inafungwa, mengine mtazoeana mkiwa ndani."

"Khalfan hajui."

"Na asijue leo." Akavaa kofia, akaivua tena. "Mimi sitaki kuuona ule mkokoteni tena, Warda. Nakuomba."

Aliposema nakuomba, sauti ilimkatika. Warda akatambua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria, kuwa siku ile ya mkokoteni aliyekuwa akitembea nyuma si yeye peke yake. Akaitikia kwa kichwa, wakaingia ndani.

Pamela alikuwa angali pale, maskini. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha ofisini, naye kwa kosa alilojiona amelifanya alikaa pembeni ya kochi kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Tableti ilikuwa mezani na picha ya kile chumba bado imewaka, kitanda cheupe na dirisha lililojaa mlima. Khalfan alisimama nyuma ya kiti cha Bibi Moza, mikono kwenye vishikio, kama kawaida yake. Alimtupia Warda jicho moja tu, na jicho lile lilijaa sherehe.

Mambo yalikwenda haraka. Bibi Moza akamuuliza Abdallah kama ni kweli amepokea posa. Abdallah akasema amepokea. Kama ameridhika. Akasema ameridhika. Mama Hissa akapumua, maana alikuwa ameshaona safari yake inamwagika chini, na akamwambia Pamela kile chumba akiache vile vile. Bibi Moza akainua kidole: bado hajaulizwa mwenyewe.

Akamgeukia Warda. "Binti, kaka yako amekubali. Wewe unamtaka huyu?"

Warda akainama, akanyamaza.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kutahayari hakukuhitaji kuigizwa. Uso ulimwaka, macho yalijaa machozi, vidole viliuzungusha mtandio. Bibi Moza akaanza kutabasamu, tabasamu la kwanza tangu asubuhi, akasema wanawali wa zamani ndivyo walivyokuwa, kimya chao ni ndiyo. Mama Hissa akamsogezea Abdallah kikombe cha kahawa. Khalfan, nyuma ya kiti, alikuwa amefunga macho kama anayesoma dua. Yote yalikuwa yameisha. Mume ameshapatikana, na dirisha, na theluji ile ambayo Warda alikuwa akiiota. Hakudaiwa chochote ila kuendelea kunyamaza.

Na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuona haya, lakini sasa haikuwa haya ya watu. Aliona kuwa kimya kile kinasema. Kinasema kwa sauti kuwa yeye ni mwari, kinamwambia Khalfan, kinamwambia mama yake aliyelia kwa furaha Wete, na kitaendelea kusema hivyo kila siku ya ndoa yao, mpaka siku moja Mtanga mmoja atapita Najma na kutaja mkokoteni.

"Bibi," alisema. "Kimya changu hakitoshi."

Abdallah alikiweka chini kikombe. "Warda."

"Kimya ni cha mwari. Mimi nilishaolewa kwetu, nikaachwa. Wa kama mimi huulizwa, akajibu kwa mdomo wake." Alikuwa amelisema kwa Kiarabu, kwa heshima ya Bibi. Akalirudia kwa Kiswahili, ingawa Khalfan alikuwa amelielewa vizuri. "Nilishaolewa, Khalfan. Ulipomcheka yule wa Mkoani, nilikuwa najicheka mwenyewe. Nilikuonea haya kukwambia, nikakuacha umdanganye mama yako bila kujua. Nisamehe."

Abdallah alikuwa ameificha nusu ya uso nyuma ya kofia yake ya ulinzi. Warda alivuta pumzi, akalimalizia, kwani ameshavuka mto nusu na maji ni yale yale mbele na nyuma.

"Umeniuliza kama namtaka, Bibi. Namtaka. Nimemtaka siku nyingi."

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Hawakusema mwenye kuufunua anapata nini, na nadhani ni kwa sababu hawakujua. Bibi Moza alimtazama Warda muda mrefu, lile tabasamu limekwisha kuondoka. Hakumhurumia, wala hakumlaani. Alitikisa kichwa mara moja, kama anayekubali chumvi ya mchuzi.

"Haya. Amejibu," alisema. Kisha bila kugeuza shingo, maana shingo haikugeuka tena kwa uzee: "Na wewe uliye nyuma yangu? Ulimwita mke kabla hajawa. Sasa unamtaka?"

Khalfan hakujibu.

Warda aliinua macho akamtazama. Alijilazimisha. Aliona macho yakimtafuta na kumkwepa, yakamtafuta na kumkwepa tena, na alijua anaisikia sauti gani kichwani, ile ya mama yake aliyokuwa akiiigiza dirishani. Angetaka kumchukia, akashindwa. Saa ya ukutani iligonga, gari likapita barabarani, na Khalfan bado alikuwa kimya, na hakuna kitabu chochote kinachosema kimya cha mwanamume ni ndiyo.

Ni Pamela aliyeshindwa kuvumilia. Kidole kikiwa juu ya ile picha, akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, "Sasa hiki chumba nikifanyeje?"

"Kiache, dada," Khalfan alisema. Sauti ilitoka kavu. "Nilikwambia uongo. Si mke wangu."

Warda alingoja aongeze neno. Neno moja dogo lingetosha, lile la kumwambia mtu kuwa mlango umerudishwa tu, haujafungwa. Alimwona akifungua kinywa. Alimwona akikifunga. Halafu akainamisha kichwa, na siku ile nzima, katika vichwa vyote vilivyokuwa vimeinama, hicho ndicho kilichokuwa chini kabisa.

Abdallah aliondoka bila kunywa kahawa. Alipompita dada yake alimshika bega, akabonyeza, akatoka. Mama Hissa alianza kusema jambo kuhusu tiketi na kuhusu nani sasa atapika, ila Bibi Moza akagonga fimbo.

"Huyu atakwenda," alisema. "Aliyeniambia kweli nyumbani kwangu simrudishi kwao. Dereva abaki na magari yake, akili zikimrudia zitajua tulipo." Akapunga mkono kumwondoa Khalfan nyuma ya kiti. "Binti, njoo unisukume, nataka kulala. Na huko mlimani utanisukuma wewe."

Khalfan aliachia vishikio. Akasogea pembeni, na Warda akaja kusimama pale alipokuwa amesimama yeye, karibu kiasi kwamba aliisikia harufu ya sabuni ya gari kwenye shati lake. Hawakutazamana. Warda alimgeukia Pamela, na sauti yake, kwa mshangao wake mwenyewe, ilikuwa imetulia.

"Nipe kile kingine, dada. Kile kisicho na dirisha."

Pamela akagusa tableti, na mlima ukazimika. Warda akakamata kiti cha Bibi Moza akaanza kusukuma kuelekea chumbani, polepole, akikwepa pembe za zulia. Vishikio vilikuwa bado na joto la viganja vya Khalfan. Akavishika mpaka vikapoa.